Uzi: Baba amekatwa kidole gumba cha mguu kwa sababu ya kisukari. Je, mguu wenyewe umesalimika?

Mtoto wa Pangani

Ndugu wanajukwaa, salaam. Baba yangu ana umri wa miaka 63 na ameishi na kisukari kwa zaidi ya miaka kumi. Mwezi uliopita alikatwa kidole gumba cha mguu wa kulia, baada ya kidonda kilichojificha chini ya sugu kuchimba hadi kwenye mfupa. Nyuzi zimeshatolewa na mshono unafunga vizuri. Katika karatasi aliyopewa siku ya kuruhusiwa hospitali iliandikwa tu kwamba aendelee na dawa zake na arudi akipata tatizo. Nyumbani kila mtu ameshusha pumzi, na mzee mwenyewe anawaambia wageni kwamba kidole kile ni sadaka aliyoitoa ili mguu ubaki.

Mimi sijatulia, kwa sababu jirani yetu alianza hivyo hivyo na leo anatembelea magongo. Ninaomba wenye ujuzi wanieleze: mtu akishakatwa kidole, uwezekano wa kuja kupoteza mguu ni mkubwa kiasi gani, unaletwa na nini, na familia inaweza kufanya nini? Pole zenu nitazipokea kwa shukrani, lakini nahitaji zaidi maelezo, hata yakiwa magumu kuyasikia.

Muuguzi wa Miguu

Ndugu Mtoto wa Pangani, mpe mzee pole yangu. Ninafanya kazi katika kliniki ya kisukari ya hospitali ya mkoa, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kusafisha vidonda vya miguu na kuchonga sugu. Nitaanza na takwimu kwa kuwa umeziomba.

Utafiti mmoja unaotajwa mara kwa mara ulichapishwa mwaka 2006. Uliwafuatilia wagonjwa wa kisukari 277 wa San Antonio, Marekani, waliokatwa kiungo cha mguu kwa mara ya kwanza kati ya mwaka 1993 na 1997. Kwa miguu ambayo upasuaji wa kwanza ulikuwa wa kidole, karibu asilimia 23 ilikatwa tena ndani ya mwaka mmoja, karibu asilimia 40 ndani ya miaka mitatu, na zaidi kidogo ya nusu ndani ya miaka mitano. Kuhusu kidole gumba peke yake, upo utafiti wa mwaka 1997 uliohusu wagonjwa 90: asilimia 60 kati yao walikatwa mara ya pili, na asilimia 17 waliishia kukatwa chini ya goti.

Usome takwimu hizo kwa utulivu. Kwanza, "kukatwa tena" mara nyingi kulikuwa ni kidole cha jirani au sehemu ya wayo, si mguu mzima. Ndiyo maana asilimia 60 na asilimia 17 zinatofautiana sana ingawa ni za wagonjwa wale wale. Pili, hao ni wagonjwa wa Marekani wa miaka mingi iliyopita, na baba yako hakuwa miongoni mwao. Bado sioni namna ya kuzisoma takwimu hizo na kuhitimisha kwamba shughuli imekwisha. Ningemwambia mzee, kwa heshima zote, kwamba sadaka ameitoa lakini deni halijalipwa, kwa sababu kisu kiliondoa mfupa uliooza na kuacha kila kilichousababisha kuoza.

Vilivyouozesha ni vitatu, na kwa kawaida huenda pamoja. Cha kwanza ni ganzi. Sukari ikikaa juu kwa miaka mingi huharibu mishipa ya fahamu ya nyayo, na mtu hukanyaga msumari, kaa la moto au mchanga wa mchana bila kuhisi chochote. Cha pili ni damu: ateri za chini ya goti hukakamaa na kuziba, hasa kwa wavutaji wa sigara na wenye matatizo ya figo, na kidonda kisichofikiwa na damu hakifungi hata kipakwe dawa gani. Cha tatu ni umbo la mguu na jinsi uzito unavyogawanywa, na hapa ndipo kidole gumba kinapohusika kuliko vidole vingine.

Mtu anapotembea, wakati kisigino kimeshanyanyuka na mguu unasukuma ardhi ili upige hatua, kazi kubwa hufanywa na kidole gumba pamoja na ncha ya mfupa wa wayo ulio nyuma yake. Kikiondolewa, mzigo ule unahamia kwenye ncha za mifupa ya wayo zilizobaki, hasa ya pili na ya tatu, ambazo hazikuumbwa kubeba kiasi hicho. Vidole vilivyobaki navyo huanza kujikunja kama makucha na kusugua sehemu ya juu ya kiatu, au kuchoma soli kwa ncha. Baada ya miezi kadhaa unaona sugu mpya mahali ambapo hapakuwa na sugu. Mgonjwa huiona kama ngozi ngumu tu, lakini ikichongwa, mara nyingi chini yake pana damu iliyovilia, na wakati mwingine kidonda kamili ambacho mwenyewe hakuwahi kukihisi. Katika utafiti ule wa mwaka 1997, muda wa wastani kati ya upasuaji wa kwanza na wa pili ulikuwa takriban miezi kumi, na nikiutazama mguu kwa jicho la kliniki sishangai.

Ndiyo maana karatasi iliyomwambia mzee arudi akipata tatizo inanikera. Mtu mwenye ganzi hawezi kujua kama amepata tatizo. Mwongozo wa kundi la kimataifa linaloshughulikia mguu wa kisukari, IWGDF, unamweka kila aliyewahi kukatwa, akiwa na ganzi au damu isiyofika vizuri, katika daraja la juu kabisa la hatari, na unataka miguu yake ikaguliwe na mtaalamu kila baada ya mwezi mmoja hadi mitatu, awe na kidonda au asiwe nacho.

Mzee wa Kijiweni

Muuguzi, nimekusoma na nimekuelewa, lakini niruhusu nipingane nawe kidogo. Shemeji yangu alikatwa kidole, baadaye vidole viwili, baadaye nusu ya wayo, na mwishoni chini ya goti. Kila safari ni ganzi ya upasuaji, ni kulazwa, ni ndugu kuuza kitu. Ikiwa nusu yao watarudi kukatwa, kwa nini daktari asikate juu mara moja, pale panapopona, mtu akapewa mguu bandia akaendelea na maisha yake? Wengine tunaona kwamba huku kukatwa vipande vipande ni kumtesa mgonjwa na kuimaliza familia.

Muuguzi wa Miguu

Mzee wangu, swali lako ni la haki na hata madaktari wa upasuaji hubishana juu yake. Utafiti ule ule wa San Antonio unaweza kuonekana kama unakuunga mkono: kati ya waliokatwa juu ya kifundo cha mguu tangu mwanzo, asilimia 13 tu ndio waliokatwa tena upande huo huo ndani ya miaka mitano. Hata hivyo mguu ulioishia chini ya goti umebakiwa na sehemu chache za kukatwa, kwa hiyo uchache wa marudio yake hautuambii kwamba mgonjwa anaishi vizuri zaidi.

Angalia upande wa pili wa hesabu. Kutembea na mguu bandia kunadai nguvu na pumzi zaidi kuliko kutembea kwa mguu wenye wayo pungufu, na wagonjwa hawa wengi tayari wana moyo dhaifu. Wapo wazee wengi wanaopewa mguu bandia ukaishia kuegeshwa nyuma ya mlango. Kisha mzigo wote unahamia kwenye mguu uliobaki, ambao nao una ganzi ile ile na ateri zile zile. Mtu aliyebaki na kisigino chake anaweza kwenda msalani usiku bila kumwamsha mtu, na kwa mzee wa miaka 63 hilo si jambo dogo.

Pale ninapokubaliana nawe ni hapa: kukata kidole bila kwanza kupima kama damu inafika ni kufungua kidonda ambacho hakitafunga. Wengi wanaokatwa kwa awamu, kama shemeji yako, nadhani wamepitia hapo, ingawa sikuliona faili lake na siwezi kumhukumu aliyemtibu. Kabla ya kisu, daktari anapaswa kupapasa mapigo juu ya wayo na nyuma ya kifundo cha ndani, na asiyaamini mapigo peke yake. Kipimo cha kulinganisha presha ya kifundo cha mguu na ya mkono kinasaidia, lakini kwa wenye kisukari cha muda mrefu kinaweza kudanganya, kwa sababu ukuta wa ateri ukijaa chokaa haubanwi na mkanda wa presha, na namba inasomeka nzuri wakati damu ni haba. Presha ya kidole cha mguu ni ya kuaminika zaidi, kwa kuwa mishipa midogo ya vidole haiathiriwi sana na chokaa hiyo. Ikiwa chini ya milimita 30 za zebaki, mgonjwa mwenye kidonda anahitaji kupelekwa haraka kwa daktari wa mishipa ya damu, aone kama ateri inaweza kuzibuliwa kwa puto au kwa kupandikizwa mshipa wa kupitishia damu pembeni. Ikishindikana kabisa, hapo ndipo hoja yako ya kukata mara moja mahali panapopona inapopata uzito.

Jambo jingine ni mfupa. Kama kipande cha mfupa kilichobaki kwenye kisiki kilikuwa tayari na maambukizi, kidonda kinaweza kufunga juu na kuendelea kutunga usaha chini. Mwongozo wa IWGDF wa mwaka 2023 unapendekeza kwamba, sampuli ya mfupa uliobaki ikiota vijidudu, mgonjwa apewe antibiotiki kwa muda unaofika hadi wiki 3. Mwenye uzi, waulize waliomfanyia mzee upasuaji kama sampuli hiyo ilichukuliwa na majibu yalisemaje.

Fundi wa Soli

Nichangie kuhusu viatu, kwa kuwa ndiyo kazi yangu. Nilisomea TATCOT, chuo kilichopo KCMC Moshi ambacho tangu mwaka 1981 kimekuwa kikiwafundisha mafundi wa viungo bandia na viatu tiba kutoka nchi nyingi za Afrika. Wateja wengi wanaoletwa kwangu baada ya kukatwa kidole huja wamevaa ndala, na familia inaamini kwamba ndala ni nzuri kwa sababu ziko wazi na hazibani.

Ndala hushikwa mguuni kwa kubanwa kati ya kidole gumba na kidole cha pili. Asiye na kidole gumba hana cha kubania, kwa hiyo anavikunja vidole vilivyobaki kila hatua ili ndala isichomoke, na ndivyo anavyojitengenezea makucha aliyoyasema Muuguzi. Mkanda nao unahama na kusugua kisiki. Wengine huamua kuifunga kwa kamba, na mwenye ganzi hasikii kamba inapomkata. Katambuga za tairi ni imara, lakini soli yake ni ngumu mno kwa unyayo usio na hisia, na nyingi zimepigiliwa misumari ambayo soli ikilika huchomoza ndani.

Kinachotakiwa ni kiatu au sandali yenye mkanda nyuma ya kisigino, kina cha kutosha juu ya vidole, mpira laini ndani wa kupunguza mkandamizo, na soli ya nje iliyo ngumu na iliyopinda kidogo mbele, ili mguu ubingirike badala ya kukunjika kwenye ncha za mifupa ya wayo. Gundi na uzi vitumike badala ya misumari. Jambo hili si geni kwetu: mafundi waliowatengenezea sandali wagonjwa wa ukoma walilijua zamani, kwa sababu ganzi ya ukoma na ganzi ya kisukari huumiza unyayo kwa namna ile ile. Nafasi ya kidole kilichoondoka huwa ninaijaza kwa kipande laini kilichounganishwa na soli ya ndani, vinginevyo vidole vya jirani huinamia upande ule na kiatu hujikunja. Kitambaa au pamba ya kusokomezwa haifai, kwa sababu hujikusanya na kuwa donge.

Gharama inatofautiana na sitaki kutaja bei humu, lakini asiyeweza kumudu kiatu tiba anaweza kuanza na raba pana yenye kina, ukubwa ukipimwa jioni mguu ukiwa umevimba, kisha akatafuta fundi wa kumwekea soli ya ndani.

Binti Korogwe

Asante Fundi. Mama yangu alikatwa kidole cha pili cha mguu wa kushoto, na ninataka kusisitiza jambo la kukagua kiatu kabla ya kukivaa. Jioni moja alirudi kutoka sokoni, nikamvua raba ili nimwoshe miguu, na nilipoigonga kwa kisigino ikadondoka kizibo cha soda. Alikuwa amekikanyaga tangu asubuhi. Meno ya kizibo yalikuwa yamechapa duara kamili kwenye unyayo, ngozi ikiwa nyeupe katikati na nyekundu pembeni, na yeye akiniuliza kwa nini nimenyamaza. Tangu hapo kila kiatu kinageuzwa, kinagongwa na kupapaswa ndani kwa mkono.

Swali langu kwa Muuguzi: mama haoni vizuri na hawezi kuinama akaona unyayo wake. Anaishi na wajukuu wadogo na mimi niko kazini. Nani amkague? Na je, ni kweli kwamba panya huwauma miguuni wenye ganzi wakiwa wamelala?

Muuguzi wa Miguu

Dada, kuhusu panya ni kweli kabisa. Dkt. Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam na wenzake waliwahi kuandika kuhusu wagonjwa wa kisukari wa Tanzania walioumwa na panya miguuni wakiwa wamelala, wakagundua asubuhi kwa kuona damu kwenye shuka. Waswahili husema panya huuma huku akipuliza. Kwa mwenye ganzi hahitaji hata kupuliza. Mama alale ndani ya chandarua kilichochomekwa vizuri chini ya godoro, miguu ikiwa safi na bila mabaki ya chakula, na panya watokomezwe ndani ya nyumba.

Kuhusu kukagua, mjukuu wa miaka kumi anaweza kuifanya kazi hiyo vizuri kuliko watu wazima, kwa sababu haoni aibu kuuliza. Mfundishe aangalie unyayo, kati ya vidole na kisigino kila jioni, akitafuta wekundu, lengelenge, mpasuko, unyevunyevu au alama yoyote ambayo jana haikuwapo. Apapase pia joto: sehemu moja ya mguu ikiwa na joto kuliko sehemu ile ile ya mguu wa pili, na hali hiyo ikaendelea siku ya pili, mama apunguze kutembea na aletwe kliniki hata kama ngozi ni nzima. Wenye kipimajoto cha ngozi hutumia tofauti ya nyuzi 2.2 za selsiasi. Na tafadhali, pasiwepo kukanda kwa maji ya moto, kuloweka kwa chumvi, wala kukata sugu kwa wembe nyumbani. Nimewapokea wengi wenye malengelenge ya maji ya moto ambayo yalichemshwa kwa upendo.

Mtoto wa Pangani

Ninawashukuru nyote. Tumempeleka mzee kwenye kliniki ya miguu. Mapigo ya juu ya wayo yanapapasika miguu yote miwili, na presha ya kidole cha pili cha mguu wa kulia walisema inatosha. Waya ule wa nailoni wa kupimia hisia hakuusikia popote kwenye nyayo. Mguu wa kushoto una sugu chini ya kidole gumba, mahali pale pale ambapo wa kulia ulianzia. Kuhusu sampuli ya mfupa, faili halikuonyesha kitu. Je, hizi ni habari njema au mbaya?

Muuguzi wa Miguu

Damu kufika ni habari njema kuliko zote, kwani inamaanisha kidonda kikitokea na kikawahiwa, kina nafasi nzuri ya kupona. Ganzi ya unyayo mzima ni habari mbaya na haitarudi nyuma. Wenye kidonda kilichopona, kwa makadirio yanayokubalika na wengi, asilimia 40 hupata kingine ndani ya mwaka mmoja na karibu asilimia 65 ndani ya miaka mitano. Kwa hiyo msitegemee kwamba kidonda hakitatokea kamwe. Panga mambo ili kikitokea kionekane siku hiyo hiyo.

Mguu wa kushoto ndio ninaouhofia zaidi kwa sasa. Tangu upasuaji mzee amekuwa akiuegemea, na katika utafiti wa San Antonio karibu asilimia 30 ya wale walioanza kwa kukatwa kidole walikatwa pia kiungo cha mguu wa upande wa pili ndani ya miaka mitano. Sugu hiyo ichongwe na mtaalamu wiki hii, si mwezi ujao, na irudiwe kila inapoota. Waulize pia kama ukano wa kisigino umekaza, kwa sababu kifundo kisichokunjika vizuri huongeza mkandamizo wa mbele ya wayo, na kama kidole chochote kimeanza kujikunja. Kidole kilichojikunja lakini bado kinanyooshwa kwa mkono kinaweza kulegezwa kwa upasuaji mdogo wa kukata ukano wake wa chini, ambao huzuia kidonda cha ncha ya kidole.

Usisahau moyo na figo. Katika takwimu zilizokusanywa na kuchapishwa mwaka 2020, takriban asilimia 46 ya waliokatwa vidole au sehemu ya wayo walikuwa wamefariki ndani ya miaka mitano, na wengi katika kundi hili huuawa na moyo, si na kidonda. Presha, mafuta ya kwenye damu, kipimo cha figo na sigara ni sehemu ya matibabu ya mguu huu. Kama mzee hapewi dawa ya kushusha mafuta ya kwenye damu, mwulize daktari kwa nini.

Kuhusu faili lisilo na majibu ya mfupa: kisiki kikianza kuvimba, kuwa chekundu au kutoa maji baada ya kufunga, usikubali kupewa vidonge na kurudishwa nyumbani. Omba picha ya eksirei, ilinganishwe na ya kabla ya upasuaji, kwa hiyo ile ya zamani itafuteni sasa ikiwa bado ipo hospitalini. Na siku ya kliniki mzee avue viatu vyote viwili kabla hajaitwa, akae navyo mkononi, ili daktari aangalie miguu na ndani ya viatu kwa pamoja.